Kazi za Mikono Nyumbani: Kipimo cha Njia ya Reli Ndogo



Mwezi huu twapenda kujibu swali tuliloletewa na baba mmoja wa Malindi, kwa kuwa twaona jibu lake litawafaa na wengine. Yeye na mwanawe wamekusudia kuunda mfano mdogo wa gari la moshi la Bububu, ambalo marehemu bibi yake alizoea kumsimulia. Injini na mabehewa mawili yamekwisha, kwa kadiri ya milimita 4 kwa kila futi moja ya gari lenyewe, na magurudumu yamewekwa sawasawa na kadiri hiyo. Kisha wakanunua reli zilizo tayari, za upana wa milimita 16.5, maana ndizo walizozipata. Walipoliweka gari juu yake, magurudumu yakadumbukia katikati. Auliza: “Je, tuyatanue magurudumu yafuate reli, au tuzitupe reli na fedha yetu ipotee? Mtoto amekwisha kuvunjika moyo.”

Ndugu yetu, usifanye hili wala lile. Magurudumu yako ni sawa, na reli zako zina kazi nyingine tutakayoitaja hapa chini. Lililokosekana ni njia iliyojengwa kwa mkono, na njia ya mkono haijengeki pasipo kipimo cha kuzishika reli mbili katika upana mmoja toka mwanzo hata mwisho. Kipimo hicho chaweza kununuliwa, tena chaweza kutengenezwa nyumbani kwa gharama ndogo.

Kwanza na tukumbuke habari yenyewe, maana vijana wengi hupita Darajani na Malindi wasijue kwamba gari la moshi lilipita mjini. Unguja imepata kuwa na reli mara mbili. Mara ya kwanza ni mwaka 1879, zamani za Seyyid Barghash bin Said, aliyeweka njia kutoka mjini mpaka jumba lake la Chukwani, upande wa kusini. Mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 ikaagizwa injini ndogo ya mvuke kwa Bagnall wa Uingereza. Seyyid alipofariki mwaka 1888 njia ile ikaachwa, na vyuma vyake vikang'olewa.

Mara ya pili ndiyo hii ya Bububu. Kampuni ya Kimarekani iitwayo Arnold Cheney iliijenga tangu mwaka 1905, urefu wa maili 7 hivi, kutoka karibu na Ngome Kongwe, kupita kati ya nyumba za mjini, kisha kufuata pwani kuelekea kaskazini. Mwaka 1911 ikauzwa kwa Serikali. Abiria walichukuliwa mpaka mwaka 1922. Baada ya hapo gari likabakia kuvuta mawe ya kazi ya bandari, na kabla ya mwaka 1930 likakoma kabisa, kwa kuwa motokaa zilikuwa zimekwisha kuitwaa kazi yake. Kadi za posta za siku zile zaonyesha injini ikipita katika mtaa mwembamba, karibu mno na milango ya watu. Kwa hiyo mtu anayeunda mfano wake haundi kitu cha kuchezea tu. Reli zenyewe hazipo tena, na wale waliolipanda wamekwisha kutangulia. Mtoto wa leo atakiamini kile atakachokiona mezani. Basi tukimwonyesha njia yenye upana usio wake, tumemfundisha uongo, ijapokuwa injini imechongwa vizuri.

Upana wa njia ya Bububu ulikuwa futi 3, yaani inchi 36. Shikeni hesabu hii, maana yote yanayofuata yaitegemea. Tena jueni kwamba upana wa njia hupimwa toka uso wa ndani wa kichwa cha reli moja mpaka uso wa ndani wa kichwa cha reli ya pili. Haupimwi katikati ya reli, wala nje yake.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nasi. Katika kadiri ya milimita 4 kwa futi, futi 3 ni milimita 12 kamili. Reli zile za milimita 16.5, mkizigawanya kwa 4, zawa futi 4 na inchi 1½. Kama ndugu yetu angaliyatanua magurudumu yake, njia yake ingalizidi ile ya kweli kwa inchi 13½, na injini ingalionekana kama mtoto aliyevaa kanzu ya babaye. Wengine hupenda mfano mkubwa zaidi. Katika kadiri ya milimita 7 kwa futi, njia ya Bububu yawa milimita 21. Na wale wanaotaka gari la kupitisha uani, chini ya miti, wakipunguza kitu mara 20.3, watapata milimita 45, na reli za upana huo huuzwa tayari kwa magari ya bustanini.

Na zile reli za milimita 16.5, je? Zitunzeni. Reli mpya ya Tanzania, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ina upana wa milimita 1,435. Gawanyeni kwa 87, nanyi mtapata milimita 16.5. Mtoto akichoka na mvuke wa Bububu, ataunda gari la umeme la Dodoma kwa kadiri ya moja kwa 87, na reli hizo zitakuwa sahihi kabisa. Fedha haikupotea, ilitangulia tu.

Mtu asidhani kwamba sisi twashikilia neno dogo. Upana wa njia ni jambo lililowagharimu hata wakubwa. Uingereza ilikuwa na njia za pana mbili. Kampuni moja kubwa ilijenga kwa zaidi kidogo ya futi 7, nyingine kwa futi 4 na inchi 8½, na mizigo ikawa yapakuliwa na kupakiwa upya mahali njia zilipokutana. Mambo hayo hayakwisha kabisa mpaka mwaka 1892, njia pana ilipoondolewa. Na huku kwetu, reli ya kati ya zamani ina upana wa mita 1, lakini TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67 tu, hazipati upana wa kiganja. Walakini behewa la njia moja haliwezi kuingia njia ya pili, na huko Kidatu, njia hizo zinapokutana, mizigo hulazimika kuhamishwa toka gari hili kwenda lile. Sisi watu wa visiwani twalielewa neno hili upesi, maana tulilelewa na pishi na frasila: biashara haiendi ikiwa kipimo cha muuzaji si kipimo cha mnunuzi.

Basi na tuje kwenye kazi. Kwanza, kutafuta. Msiulize dukani “kipimo cha Bububu”, maana hakipo. Ulizeni kipimo cha njia ya milimita 12. Upana huo hutumiwa katika mifano midogo iitwayo TT, tena hutumiwa na wale wanaounda reli za mita 1 kwa kadiri ya moja kwa 87. Upana ukiwa mmoja, kipimo chaweza kufaa, hata kama kiliundwa kwa ajili ya gari la nchi nyingine. Lakini tazameni neno moja kabla ya kununua: mifereji ya kipimo, inayoshika vichwa vya reli, yapasa kulingana na unene wa reli mliyo nayo. Mfereji mpana kuliko reli huiacha reli icheze, na kipimo kinachochezesha reli si kipimo.

Pili, kutengeneza. Tafuteni bolti nyembamba iliyonyoka, yenye nati yake. Kipande cha bomba nene la shaba nyeupe linaloingia katika bolti hiyo bila kulegea. Washa mbili ndogo, na washa mbili kubwa. Kateni bomba kwa msumeno wa chuma, lizidi milimita 12 kidogo. Kisha lipigeni tupa pole pole, nchi zake mbili ziwe tambarare na mraba, mpaka urefu wake uwe milimita 12. Hapa ndipo penye kazi yote. Bandu bandu huisha gogo. Pigeni tupa mara mbili tatu, mpime, kisha mrudie. Kilichoondolewa na tupa hakirudi. Aliye na rafiki mwenye mashine ya kukereza na amwendee, maana kazi ya nusu siku kwa tupa ni kazi ya dakika chache kwake, na nchi za bomba zitatoka mraba bila shaka.

Bomba likiwa tayari, lipangeni hivi juu ya bolti: washa kubwa, washa ndogo, bomba, washa ndogo, washa kubwa, kisha nati ikazwe. Washa ndogo ziwe na duara dogo kuliko bomba, ili pande zote mbili za bomba pawe na mfereji mwembamba wa kuingia kichwa cha reli. Unene wa washa ndogo uzidi unene wa kichwa cha reli kwa kiasi cha karatasi moja tu ya kuandikia, yaani milimita 0.1 hivi. Zikiwa nene mno, zisugueni juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo. Zikiwa nyembamba, kateni duara la karatasi mlitie kati. Tena mfereji usiwe na kina kirefu. Na ushike kichwa cha reli tu, usishuke mpaka kwenye kitako.

Mtajuaje kwamba bomba ni milimita 12 kweli, nanyi hamna kifaa cha fundi cha kupimia? Rula ya shule haitoshi, maana jicho laweza kudanganyika kwa nusu milimita, na nusu milimita katika 12 ni kubwa. Nendeni kwa muuza vyuma mkaazime au mkanunue keekee mpya ya milimita 12, ile ambayo mpini wake ni laini na una unene ule ule. Mpini huo hutengenezwa kiwandani kwa usahihi mkubwa. Mkikwisha kukaza reli mbili fupi kwa kipimo chenu, shikeni mpini wima mkaushushe kati ya vichwa vya reli. Ukipita kwa kugusa pande zote mbili pasipo kusukumwa, kipimo chenu ni kizuri. Ukikwama, bomba ni fupi. Ukicheza, bomba ni refu.

Msifanye kipimo kimoja tu. Fanyeni vitatu, kwa kuwa reli ikishikwa mahali pamoja hujipinda mahali pengine. Wala msikifanye kwa mti, hata ukiwa msaji au mfenesi mkavu. Mti wa hapa kisiwani hunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kaskazi, na kipimo kilichokuwa cha kweli mwezi wa pili chaweza kuwa kingine mwezi wa nne.

Kuna aina ya pili ya kipimo, nayo ni ya ajabu kidogo: ile ya miguu mitatu. Ni kibati cha pembe tatu chenye miguu miwili upande mmoja na mguu mmoja upande wa pili, na kila mguu una mfereji wa reli. Katika njia iliyonyoka chafanya kazi sawa na kile cha bolti. Lakini katika kona huiongeza njia upana kidogo chenyewe, nalo ni jambo jema, maana gari lenye magurudumu mengi hubanwa katika kona kali. Sharti ni moja: miguu miwili ikae katika reli ya nje ya kona, na mguu mmoja katika reli ya ndani. Sababu yake ni hii. Miguu miwili hushika reli ya nje mahali pawili, na kati ya mahali hapo reli imejipinda kwenda nje, mbali na mguu wa tatu. Kama miguu miwili iko mbali kwa milimita 30, na kona ina nusu kipenyo cha milimita 600, njia huongezeka kiasi cha milimita 0.19, kama karatasi mbili. Mkikigeuza, miguu miwili ikawa ndani, njia hupungua kwa kiasi kile kile, na gari litakwama papo hapo nanyi msijue kwa nini.

Tatu, kulaza njia. Choreni mstari katika ubao. Gundisheni mataruma, kila moja mahali pake, na gundi ikauke usiku kucha. Kisha yasugueni kwa msasa yawe sawa juu. Lazeni reli ya kwanza kwa kufuata mstari, mkaikaze kabisa kabla ya kuigusa ya pili. Reli ya pili haifuati mstari, hufuata kipimo. Wekeni vipimo vitatu, mkaze taruma lililo kati yavyo, kisha mkiondoe cha nyuma mkipeleke mbele, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Kila mnapoendelea kiasi cha shubiri moja, viringisheni magurudumu mawili yaliyo katika ekseli yake. Yakikwama au yakiyumba, simameni hapo hapo mtengeneze. Haraka haraka haina baraka. Kosa la leo hurekebishwa kwa kisu, kosa la juma lililopita hutaka kung'oa njia.

Wenye kushika reli kwa kulehemu watahadhari na neno hili: shaba hupokea risasi ya kulehemu, basi kipimo cha shaba chaweza kushikamana na reli kikawa sehemu ya njia. Kipakeni masizi ya mshumaa mahali pa mifereji, wala msilehemu karibu nacho mno. Kipimo cha alumini hakina shida hiyo, kwa kuwa alumini haishiki risasi ya kawaida. Na wale ambao gari lao huendeshwa kwa umeme upitao katika reli, wakate umeme kabla ya kuweka kipimo cha chuma, maana kipimo huziunganisha reli mbili, na umeme utapita hapo badala ya kwenda kwenye injini. Chombo cha kuupelekea chaweza kuungua.

Neno la mwisho ni la hewa yetu. Reli za chuma cha pua cha kawaida huota kutu upesi karibu na bahari. Afadhali reli za mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ambazo hupauka tu. Tena msibane ncha za reli zikagusana. Reli ya mchanganyiko huo, urefu wa mita 1, ikipata joto la nyuzi 20 zaidi, hurefuka kiasi cha theluthi ya milimita. Isipopata nafasi itajipinda upande, na upana mliouhangaikia utaharibika mchana mmoja wa jua dirishani. Acheni mwanya wa nusu milimita katika kila kiungo cha mita 1.

Ndugu yetu wa Malindi, hivyo ndivyo. Mpe mwanao tupa na kipande cha bomba, naye akifanye kipimo cha kwanza kwa mkono wake, wewe ukimpimia. Kikitoka kifupi, kipo kipande kingine. Bomba la urefu wa mkono mmoja latosha vipimo ishirini na zaidi. Kikitoka sawa, atakuwa na chombo chake mwenyewe, nacho kitafaa kwa kila njia ya milimita 12 atakayoilaza maisha yake.

Mwezi ujao, tukijaaliwa, tutaeleza namna ya kutengeneza mahali njia moja inapogawanyika kuwa mbili, maana hapo kipimo kimoja hakitoshi. Aliye na swali na atuletee kabla ya tarehe 15. Kwaherini.